Bi Wakili Ajibu: Merikebu ya haramia na picha za mtu

Mwezi jana, nilipokuwa namjibu bwana harusi aliyenyimwa video ya harusi yake, nilipenyeza mistari mitatu kuhusu mpiga video wa Marekani aliyelishtaki jimbo lake kwa kutumia picha zake za merikebu ya haramia iliyozama, akashindwa. Nilidhani nimetaja mizinga ya merikebu. Kumbe nimegonga mizinga ya nyuki. Barua zimemiminika, na moja imekuja kwa sauti, dakika 11 nzima, nikaisikiliza huku namenya viazi. Nimechagua nne. Wengine mnivumilie, hasa wewe wa Kisumu uliyeuliza habari za talaka. Zamu yako inakuja.

*Bi Wakili, shikamoo. Napiga picha na video za harusi hapa Likoni, mwaka wa nane sasa. Ulisema yule bwana alisajili picha zake zote na hakuna aliyebisha kwamba ni zake. Sasa kama ni zake, na waliozichukua wanajulikana, ameshindwaje? Au hakupata wakili mzuri?*
Mpiga picha, Likoni

Marahaba mwanangu. Mawakili alikuwa nao, tena wa kufika Mahakama ya Juu ya Marekani, mahali ambapo mawakili wengi hustaafu bila kupaona. Kaa kitako nikupe kisa toka mwanzo, maana ukikishika mkiani hakieleweki.

Haramia mwenyewe ni Edward Teach, aliyejulikana zaidi kwa jina la Blackbeard, yaani Ndevu Nyeusi. Novemba 1717 aliteka merikebu ya Wafaransa karibu na kisiwa cha Martinique, akaipa jina la Queen Anne's Revenge, akaijaza mizinga kama 40 na watu 300. Mei 1718 aliifunga bandari ya Charleston, akashika mateka, na alichodai ili awaachie ni sanduku la dawa. Likumbuke hilo sanduku, nitalirudia. Mwezi uliofuata merikebu ikapanda fungu la mchanga nje ya Beaufort, North Carolina, enzi hizo koloni la Mwingereza. Watu wake karibu wote walishuka salama. Yeye aliuawa Novemba mwaka huohuo huko Ocracoke, na kikosi kilichotumwa na gavana wa Virginia.

Merikebu ikalala mchangani miaka 278. Tarehe 21 Novemba 1996 kampuni ya kutafuta merikebu zilizozama, iitwayo Intersal, ikaipata kama maili moja kutoka pwani, kwenye kina cha mita saba hivi. Mita saba tu! Ungeusimamisha mnazi wa kwetu pale, makuti na madafu yangebaki juu ya maji.

Hapo sheria inaingia. Marekani ina sheria ya 1987 inayosema merikebu iliyotelekezwa na kuzikwa kwenye sakafu ya bahari ya jimbo ni mali ya jimbo hilo. Kwa hiyo mizinga, nanga na kila msumari vilikuwa vya North Carolina. Intersal wakaona wakigombania vitu watapoteza muda. Mwaka 1998 wakaandikiana mkataba na serikali ya jimbo: kampuni inaacha madai yake ya sarafu na madini ya thamani, na badala yake inapata haki za picha na video za kazi ya kuiopoa. Nataka ulione hilo vizuri wewe wa Likoni. Watu waliogundua merikebu ya haramia maarufu kuliko wote walikaa mezani wakasema: dhahabu chukueni, sisi tupeni picha.

Intersal ikamwajiri kwa mkataba mpiga video wa hukohuko North Carolina, Frederick Allen, mwenye kampuni ya Nautilus Productions. Kwa zaidi ya miaka kumi akawa anazama na kamera. Kazi ya kupiga video mahali kama pale si ya kuvizia samaki wa rangi kwenye maji maangavu ya Watamu. Ni karibu na mlango wa bahari, mkondo unavuta, mchanga unatimka, na wazamiaji wanazidi kuutimua kwa bomba la kunyonya. Mwaka 2000 alishiriki kurusha moja kwa moja kwenye intaneti matangazo kutoka chini ya maji, wanafunzi wakiuliza maswali kutoka darasani na wazamiaji wakiwajibu. Intaneti ya mwaka 2000, ile iliyokuwa ikilia kama kuku ameshikwa kabla ya kufunguka. Kila alichopiga alikisajili hakimiliki.

Kisha idara ya jimbo ikaanza kuweka baadhi ya video zake mtandaoni bila idhini. Akalalamika. Mwaka 2013 wakapatana: jimbo likamlipa dola 15,000 na kuandika wazi nani ana haki gani. Ungedhani yameisha. Akakuta tena video zake tano zimewekwa mtandaoni na picha yake moja imetiwa kwenye jarida la idara. Na mwaka 2015 bunge la jimbo likapitisha kifungu kinachosema kwamba picha na video za merikebu zilizozama zilizo mikononi mwa jimbo ni kumbukumbu za umma. Watu wakakibatiza "Sheria ya Blackbeard". Mwenye nyumba ameshikwa na kuku wa jirani, anatunga kanuni kwamba kuku wote walio jikoni mwake ni wa kijiji.

Desemba 2015 Allen akaenda mahakama ya shirikisho, yaani ya taifa zima, si ya jimbo. Ndipo tufike kwenye swali lako.

Kuna haki, na kuna mlango wa kuidai. Vinaishi nyumba mbalimbali. Nililijua hilo kabla sijasoma sheria. Marehemu baba alikuwa na studio ya picha Mwembe Tayari. Mwaka 1983 alipiga picha ya jahazi limetweka tanga, jua linazama nyuma yake, picha ambayo kila mpiga picha wa pwani anayo ila yake ilikuwa nzuri. Mwaka mmoja na nusu baadaye, akiwa kwa kinyozi, povu shingoni, akaiona ukutani kwenye kalenda ya ofisi moja ya umma ambayo jina lake nalimeza. Aliijua kwa sababu pembeni chini kushoto palikuwa na mkwaruzo mwembamba kama unywele, ukucha wake mwenyewe alipoitoa negativu kwenye maji ya dawa. Akaenda ofisini kwao na negativu ndani ya bahasha, mfuko wa shati. Wakamsikiliza kwa adabu sana. Wakamnunulia soda. Akarudi nyumbani na kalenda mbili za bure. Mama alizitumia kufungia daftari zangu za darasa la nne, na mwaka mzima mimi nilibeba jahazi la baba kwenda nalo shule.

Hakuna aliyembishia kwamba picha ni yake. Walimwambia tu, mzee, serikali utaipeleka wapi?

Allen aliambiwa hivyohivyo, ila kwa kurasa nyingi. Katika Marekani kila jimbo huhesabiwa kuwa dola yenye heshima yake, na Marekebisho ya 11 ya Katiba yamefasiriwa kwamba huwezi kuliburuta jimbo kwenye mahakama ya shirikisho ukalidai fidia bila lenyewe kukubali. Hiyo ndiyo kinga ya dola. Na kesi za hakimiliki husikilizwa kwenye mahakama za shirikisho peke yake. Umeona mtego ulivyo? Mlango uko mmoja, na mshtakiwa ndiye mwenye ufunguo.

Bunge la Marekani liliuona mtego huo mapema. Mwaka 1990 lilipitisha sheria kusema kwamba kwenye hakimiliki majimbo hayana kinga, yashtakiwe kama mtu mwingine yeyote. Allen aliishikilia hiyo. Jaji wa kwanza akamkubalia. Mahakama ya rufaa, Julai 2018, ikapindua. Mahakama ya Juu ikasikiliza Novemba 2019 na kutoa hukumu tarehe 23 Machi 2020. Majaji wote tisa walikuwa upande mmoja kwenye matokeo. Aliyeandika ni Jaji Elena Kagan, na aliandika vizuri, kwa dhihaka za kibaharia hapa na pale. Nadhani alifurahia kupewa kesi ya haramia.

Alisema hivi, kwa maneno yangu. Kwanza, mamlaka ya Bunge ya kutoa hakimiliki hayabebi mamlaka ya kuyavua majimbo kinga. Mahakama ilishaamua hivyo mwaka 1999 kwenye kesi ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, na hakimiliki haina tofauti ya maana. Pili, Bunge linaweza kuyavua majimbo kinga likiwa linatibu uvunjaji wa Katiba, kwa mfano jimbo kumnyang'anya mtu mali yake bila utaratibu wa haki, lakini dawa lazima ilingane na ugonjwa. Mahakama ikafungua faili ya mgonjwa: ripoti ambayo Bunge liliitegemea, iliyoandikwa 1988 na mkuu wa Ofisi ya Hakimiliki wa wakati huo, bwana aliyeitwa Ralph Oman (msiniulize, hana habari na Maskati). Ndani yake mlikuwa na mifano kumi na mbili hivi tu ya majimbo kutuhumiwa, mingi yake ikiwa ya kupitiwa au kutokujua. Kwa kikohozi hicho Bunge lilikuwa limeandika upasuaji. Sheria ikaanguka. Jaji Breyer alikubaliana na matokeo kwa shingo upande. Alitoa mfano wa jimbo linaloonyesha filamu ya maharamia ya Disney bila kibali na bila kuweza kudaiwa, akaona wazi kwamba hapo pana kasoro.

Mimi nasema hivi, na wenzangu wa taaluma watanisamehe: kisheria hukumu imenyooka, na bado ni dhuluma. Kilichobaki kwa mtu kama Allen ni kidirisha, kuomba amri ya kumzuia afisa fulani asiendelee kuanzia leo. Hasara ya jana anaibeba mwenyewe.

Sasa sikiliza upande ambao magazeti mengi yaliupita. Intersal nao waliishtaki serikali, juu ya picha hizihizi, ila wao hawakusema "hakimiliki". Walisema "mkataba", na walisema kwenye mahakama za jimbo lenyewe. Jimbo linapotia saini mkataba halali haliwezi kujifunika kinga pale linapouvunja. Novemba 2019, mwezi uleule ambao wakili wa Allen alikuwa amesimama Washington, Mahakama ya Juu ya North Carolina iliamua kwamba dai la Intersal la kuvunjwa mkataba kuhusu picha na video liendelee kusikilizwa. Merikebu moja, kamera moja, idara moja. Aliyekuja na haki yake tukufu ya Kikatiba alifungiwa. Aliyekuja na karatasi yenye saini alipewa kiti.

Allen hakulala. Agosti 2021 jaji wa mahakama ya chini alimkubalia kujaribu tena kwa hoja nyingine za Kikatiba, na jimbo likakata rufaa. Juni 2023 ile Sheria ya Blackbeard ikafutwa na jimbo lenyewe. Kwa hiyo mwanangu, wakili hakuwa tatizo. Na wewe, hizo harusi za miaka minane, ngapi umeandikiana?

*Wewe mama unazunguka na sheria tu. Dhahabu iko wapi?*
Mvuvi mstaafu, Kipini

Mzee wangu, dhahabu ipo, na ungeweza kuimeza na chai usijue. Ni chembechembe za unga, zilizochujwa mchangani moja moja.

Merikebu haikupigwa na tufani ikazama na mali. Ilipanda fungu la mchanga, ikainama taratibu, na haramia alikuwa na muda wa kuhamisha kila alichokitaka. Mmoja wa waliokuwa naye, David Herriot, alitoa ushahidi kwamba Blackbeard aliipandisha makusudi, ili awatawanye wenzake mia tatu na kugawana na wachache. Wewe uliyekaa kwenye ngalawa za ushirika miaka arobaini hilo huhitaji wakili kukufafanulia.

Vilivyoinuliwa vinahesabiwa kupita 400,000, ila usishtuke, sehemu kubwa ni risasi ndogondogo za marisau. Ipo kengele ya shaba nyeusi yenye mwaka 1705. Zipo nanga na mizinga, na chuma kikikaa baharini miaka 300 hujivika ganda la mchanga, kombe na kutu kama andazi lililoungua. Hukipiga nyundo hovyo, unakitia kwanza kwenye eksirei ujue ndani mna nini, halafu kinalala kwenye dawa na umeme mdogo miaka mingi mpaka chumvi itoke. Ndani ya chemba ya mzinga mmoja walikuta kitambaa kilicholowa, na ndani ya kitambaa vipande 16 vya karatasi, kikubwa kikiwa kama sarafu. Wakasoma herufi moja moja mpaka wakakipata kitabu: habari za safari ya nahodha Edward Cooke kwenye bahari za kusini, kilichochapishwa 1712. Haramia fulani alichana kitabu akafungia baruti. Mimi hiyo naipenda kuliko kengele.

Na lile sanduku la dawa la Charleston? Wameopoa bomba la sindano la madini, la kazi ya Paris, lenye mabaki ya zebaki. Zebaki ndiyo waliyoitumia siku hizo kutibu kaswende, na bomba lenyewe halikuingizwa mkononi. Sitaendelea, gazeti hili linasomwa na watoto.

*Bi Wakili, kwa heshima. Nafundisha historia Bagamoyo. Kila ninaposoma habari za merikebu hii naona bendera nyeusi na mafuvu. Mwezi jana uliandika "merikebu ya Wafaransa" kana kwamba ilibeba vitunguu. Ilibeba nini kabla haramia hajaiteka?*
Mwalimu, Bagamoyo

Mwalimu, umenishika pabaya, na nimestahili. Ulipoandika nilikuwa sijaandika jibu la hapo juu. Nimelisoma tena leo, na nimeliacha vilevile, "merikebu ya Wafaransa", ili wasomaji waone jinsi mkono unavyoteleza.

Ilikuwa merikebu ya watumwa. Jina lake La Concorde, ya mfanyabiashara René Montaudoin wa Nantes. Machi 1717 iling'oa nanga Nantes, Julai ikafika Whydah, pwani ambayo leo ni ya Benin, ikapakia watu 516. Katika kuvuka Atlantiki walikufa 61 kati yao, na mabaharia 16 vilevile. Walipokaribia Martinique mabaharia wengine 36 walikuwa hoi kwa kiseyeye na kuhara damu, ndiyo maana haramia mwenye mashua mbili aliichukua merikebu kubwa kama anachukua embe lililoanguka.

Akaipeleka kisiwa kidogo cha Bequia. Waliokuwa wamebaki, 455, wakashushwa hapo. Usinitarajie niseme aliwafungulia minyororo. Aliwaachia Wafaransa mashua yake moja ndogo, nao, wakiwa na uchungu, wakaiita Mauvaise Rencontre, Mkutano wa Balaa. Wakaitumia kuwasafirisha wale watu kwa safari mbili mpaka Martinique, walikokuwa wakipelekwa tangu mwanzo. Balaa lililotajwa kwenye jina la mashua ni la waliopoteza merikebu.

Haya tunayajua kwa sababu nahodha Pierre Dosset na msaidizi wake François Ernaud waliyaeleza kwa wakubwa waliporudi. Katika maelezo hayo yumo mtoto mtumishi wa merikebuni, Louis Arot, aliyewachongea wenzake kwa maharamia kwamba kuna unga wa dhahabu umefichwa, kisha akajiunga nao kwa hiari. Wamo waganga watatu, maseremala na mpishi waliochukuliwa kwa nguvu. Mtoto wa kazi ana jina na ukoo. Wale 516 wana tarakimu. Na hukumu ya Mahakama ya Juu, niliyoisifu hapo juu kwa uandishi, inawataja kwa maneno yasiyojaa kiganja, kwamba Blackbeard aliteka merikebu ya watumwa ya Kifaransa, kisha inaendelea na mizinga.

Nimewaza sana juu ya swali lako kwa sababu linagusa kesi mahali nisipopatarajia. Watu wamegombana zaidi ya miaka kumi nani amiliki picha za ile merikebu. Lakini kamera ilipiga kilichobaki, na kilichobaki ni chuma. Merikebu ilikuwa ya Blackbeard miezi saba tu, ila miezi saba hiyo ndiyo imeipa jina kila mahali, kwenye makumbusho pale Beaufort, kwenye kesi, na kwenye kichwa cha habari cha safu hii. Ukiwafundisha watoto, anzia Whydah.

*Salaam Bi Wakili. Mimi ni mzamiaji hapa Kilifi, nina kamera yangu ya chini ya maji. Mradi mmoja wa ofisi ya umma unataka nipige video za mabaki ya chombo kilichozama. Mkataba ni ukurasa mmoja, na mstari wa nne unasema "picha zote zitakuwa mali ya mradi". Malipo ni baada ya kazi. Rafiki yangu anasema nisiogope kwani sheria inamlinda mpigaji. Nitie saini?*
Mzamiaji, Kilifi

Usitie. Na rafiki yako mpe soda, usimpe kazi ya uwakili.

Kwanza hakikisha mradi wenyewe una kibali. Mabaki ya kale chini ya maji yanalindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006, na hayashikwi kiholela. Tuna desturi nzuri hapa: ile merikebu ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama 1697 chini ya Fort Jesus wakati ngome imezingirwa, ilichimbuliwa kuanzia 1977 hadi 1980 na wataalamu pamoja na Makumbusho ya Taifa, kwa vipimo na michoro. Ukiambiwa "tunashuka tu mara moja", usishuke.

Sasa mstari wa nne. Allen alikuwa na raha ambayo wewe huna: hakimiliki ilibaki yake na jimbo lenyewe halikubisha. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi ikiagizwa na mtu asiyekuwa mwajiri wako, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmeandikiana vingine. Umesikia? Ukinyamaza, umeuza. Na kazi inayofanywa kwa maelekezo ya Serikali huwa ya Serikali. Kwa hiyo hata wangeufuta mstari wa nne na kuacha pengo, bado ungepoteza. Lazima pale paandikwe kwamba hakimiliki inabaki kwako, na mradi unapewa ruhusa ya kutumia: wapi, kwa muda gani, kwa shughuli gani. Taja mtandao kwa jina lake, maana "matumizi ya kielimu" ni gunia, litaingia kila kitu mpaka kalenda.

Kisha weka kiasi cha fedha kwa kila matumizi yaliyopita mpaka, kijulikane leo, mkiwa bado mnacheka pamoja. Ndilo somo nililolichota kwa Intersal: dai lako likiwa ni la mkataba, unaingia kwa mlango wa kawaida.

Mlango huo kwetu uko wazi kuliko wa Allen. Serikali ya Kenya inashtakiwa. Kuna kifungu cha notisi ya siku 30 kabla ya kushtaki, na Mahakama Kuu ilisema mwaka 2012 kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Mimi notisi bado naipeleka, karatasi haina bei. Tabu yetu iko upande wa pili wa hukumu. Sheria ya mashauri dhidi ya Serikali inakataza kumpelekea dalali akakamate magari ya ofisi. Unapewa cheti cha deni, unasubiri, usipolipwa unarudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha ofisa mhusika, na unasubiri tena. Nina mteja ambaye hukumu yake ina umri wa mtoto wa darasa la tatu. Kwa sababu hiyo nataka nusu ya malipo kabla hujalowesha miguu, na nusu siku ya kukabidhi nakala. Nakala, nimesema. Kadi za kamera zenye picha asili zinarudi nawe nyumbani, na ukipata nafasi sajili kazi kwenye Bodi ya Hakimiliki. Si lazima, ila siku ya ushahidi utanishukuru.

Pia jina lako litokee kwenye video. Wataliona dogo na watakubali haraka. Ndiyo maana uliombe la mwisho, wakiwa wamechoka.

Mkataba wao usiuchane. Chukua kalamu, ukate mstari wa nne kwa mstari mmoja ulionyooka, andika wako juu yake, weka saini ndogo pembeni nao waweke yao hapohapo. Nipigie picha uniletee kabla ya Alhamisi, maana Ijumaa niko mahakamani Kwale, na kule simu nazima.